Kofia za Nguo Kuukuu na Bei Yake

Tangu nianze kushona kofia kwa nguo kuukuu hapa Kampala, swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi ni kwa nini kofia moja naiuza shilingi 30,000 ilhali suruali ya jinzi niliyoikata nimeinunua katika soko la Owino kwa 4,000. Mteja mmoja aliniuliza huku akicheka, "Dada, nguo ya marehemu wa Ulaya unaniuzia kwa bei ya dukani?" Swali lake ni la haki, na jibu lake ndilo biashara yenyewe.

Mitumba huingia Owino, ambalo kwa jina rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, ikiwa imefungwa katika marobota, na robota la kawaida lina uzito wa kilo 45. Likifunguliwa, wauzaji wa rejareja hugombania zile nguo nzuri. Zenye doa, zipu iliyokufa au goti lililotoboka husukumwa kando na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Hizo ndizo zangu. Kwa bitana hutumia mashati ya pamba, na kwa mapambo vipande vya vitenge ambavyo mafundi wa mjini huvifagia jioni pamoja na taka.

Kitambaa basi ni rahisi kupatikana, lakini hakiko tayari kukatwa. Suruali hufuliwa, huanikwa, kisha hufumuliwa kwa wembe mshono baada ya mshono, kwa sababu mshono wa jinzi umekunjwa na kushonwa mara mbili, na sindano ikiukuta mahali ambapo tabaka nne zimelaliana huvunjika. Mguu wa suruali hautoi duara zima la ukingo, kwa hiyo ukingo hukatwa nusu mbili zinazounganishwa juu ya masikio, mahali ambapo jicho la mtazamaji haliendi. Nusu hizo lazima zifuate uelekeo mmoja wa nyuzi, la sivyo kofia ikifuliwa mara kadhaa upande mmoja hulegea na mwingine hubaki umekaza. Fundi anayekata kitambaa kipya kutoka kwenye jora hana haja ya kuhangaika na hayo. Mimi nusu ya kazi yangu huwa imekwisha kabla cherehani haijaguswa, na saa hizo zisipoingizwa katika bei, anayezilipa ni mimi.

Vipimo vyenyewe si vigumu. Vichwa vya watu wazima wengi huwa kati ya sentimita 55 na 60, tepu ikizungushwa juu kidogo ya masikio na kupita katikati ya paji la uso. Kwa kichwa cha 58, kipande cha duara cha juu huwa na kipenyo cha sentimita 18.5, nawe ukiongeza sentimita 1 ya mshono kila upande unakata 20.5. Wenye rasta na nywele za kusuka huhitaji zaidi ya hapo, na kwa kuwa kofia za madukani huwasahau, wamekuwa wateja wangu waaminifu kuliko wote.

Kuhusu kodi nitasema kwa ufupi: biashara ndogo ambayo mauzo yake hayazidi shilingi milioni 10 kwa mwaka haitozwi kodi ya mapato chini ya utaratibu wa wafanyabiashara wadogo, ingawa leseni ya biashara ni suala jingine.

Wengine huniuliza nitafanya nini mitumba ikipigwa marufuku, kama Rais Museveni alivyotangaza mwaka 2023. Nakumbuka kwamba mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa ifikapo 2019, Marekani ikatishia kufuta nafuu za kibiashara, na Rwanda peke yake ikashikilia msimamo hadi nguo zake zikanyimwa nafuu hizo mwaka 2018. Kwa hiyo sikurupuki kila tangazo linapotoka. Napenda viwanda vyetu vistawi, na hata robota la mwisho likiingia leo, nguo zilizokwisha kuvaliwa nchini humu zitanipa kazi kwa miaka mingi.

Kinachonisumbua zaidi ni oda kubwa. Hivi karibuni kampuni moja ya watalii mjini Jinja ilitaka kofia 40 za rangi moja kwa ajili ya wageni wake, nami nikaijibu kwamba naweza kuahidi umbo moja, bitana moja na ukingo wa upana mmoja, lakini buluu ya jinzi iliyokwisha kufuliwa na watu 40 tofauti haiwezi kufanana. Waliomba kuona sampuli tano, zenye buluu iliyokoza hadi iliyopauka kabisa. Wamelipa nusu ya fedha, na wamesisitiza kwamba zilizopauka ziwe nyingi zaidi.