Jumamosi kwa bibi

Nilipochaguliwa dada mkuu pale shule ya masista nilidhani kazi ni kupiga kengele na kuandika majina ya waliochelewa misa. Kumbe wapi! Jumamosi ya kwanza sista mlezi wa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, akatupeleka kwa bibi mmoja jirani, anaishi peke yake, miguu imevimba, tukamchotea maji ndoo sita, tukafua mashuka kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikachubuka, tunataka kuondoka akanishika mkono akasema mjukuu wangu kaa kwanza, maji yapo tu. Alitaka mtu wa kuongea naye jamani.

Ile njia ya ona, amua, tenda ya Joseph Cardijn, padri wa Ubelgiji aliyeanzisha JOC, chama cha vijana wafanyakazi Wakristo, 1925, mi nilikuwa naikariri tu, siku hiyo ndo nikaielewa, sisi tuliruka kuona tukakimbilia kutenda. Jioni kwenye kikao tukapanga zamu upya, mmoja anachota maji mwenzie anakaa na bibi, nikaanza na jina langu. Wiki iliyofuata tukakuta ameshatutandikia mkeka mlangoni.