Kumbukumbu ya mradi wangu: jedwali la matokeo ya Honvéd lafika mwaka 1956

Jedwali la matokeo ya Budapest Honvéd, klabu ya soka ya Hungaria, limefika mahali ambapo kuandika mabao peke yake hakutoshi. Misimu yote 14 ya ubingwa imeshaingizwa, pamoja na Makombe 8 ya Hungaria, lakini kazi kubwa ya siku hizi imekuwa kuamua kipi kiingie katika safu ipi, kwa sababu klabu hii ina miaka michache ambayo siasa na vita viliivuruga hata hesabu yake ya pointi.

Uamuzi wa kwanza ulihusu jina. Klabu ilianzishwa mwaka 1909 huko Kispest, kando ya Budapest, na ilicheza kwa jina la Kispest hadi Desemba 1949, Wizara ya Ulinzi ilipoichukua na kuifanya timu ya jeshi. Wapo ambao wangeanza ukurasa mpya hapo. Mimi nimeuacha uwe mstari mmoja tangu 1909. Ferenc Puskás na József Bozsik, nguzo mbili za timu hiyo ya jeshi, hawakuletwa na wizara: walikuwa majirani wa Kispest tangu utotoni, na baba yake Puskás aliwahi kuifundisha timu hiyohiyo. Kilichofanywa na wizara ni kuwaongezea wenzao. Sándor Kocsis na László Budai walikuwa wamewika katika klabu ya Ferencváros, Gyula Grosics akaja kukaa golini, Zoltán Czibor akafuata baadaye. Na kwa kijana mwenye umri wa kwenda jeshini, amri ya kuripoti kikosini ilikuwa ndiyo uhamisho wenyewe.

Ubingwa wa 1950 umechukua mistari miwili. Honvéd ilitwaa msimu wa 1949–50, kisha ikatwaa tena ligi fupi ya vuli ya mwaka huohuo, iliyochezwa ili kalenda ihamie kwenye utaratibu wa kuanza majira ya kuchipua kama ilivyokuwa katika Umoja wa Kisovyeti. Yote miwili ni ubingwa kamili, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiunganisha. Baada ya hapo ni 1952, 1954 na 1955, mistari isiyo na utata wowote.

Mechi iliyonipa shida zaidi si ya mashindano. Tarehe 13 Desemba 1954 Honvéd ilicheza na Wolverhampton Wanderers (Wolves), mabingwa wa Uingereza, katika uwanja wa Molineux, usiku chini ya taa, mbele ya watazamaji zaidi ya 50,000. Waingereza walikuwa bado na kidonda cha kufungwa 6–3 na Hungaria pale Wembley mwaka 1953 na 7–1 mjini Budapest miezi sita baadaye, na wengi wa waliowatesa walikuwa ndani ya jezi za Honvéd. Kocsis na Ferenc Machos walifunga ndani ya robo saa ya kwanza. Lakini kocha wa Wolves, Stan Cullis, alikuwa ameamuru uwanja, uliokwisha kulowa kwa mvua, umwagiwe maji zaidi, na kipindi cha pili pasi fupi za wageni zikawa zinakwama kwenye tope. Johnny Hancocks akafunga penalti, Roy Swinbourne akaongeza mawili katika muda wa dakika chache, na mechi ikaisha 3–2. Magazeti ya Uingereza yalipowatangaza Wolves kuwa mabingwa wa dunia, Mfaransa Gabriel Hanot wa gazeti la L'Équipe akajibu kwamba jambo hilo lithibitishwe kwa mashindano ya nyumbani na ugenini, na mwaka 1955 Kombe la Mabingwa wa Ulaya likaanza. Mechi ya kirafiki yenye uzito huo siwezi kuifungia katika ukurasa wa mechi za mazoezi. Nimeiweka mwanzoni mwa ukurasa wa Ulaya, bila pointi.

Ukurasa huo wa Ulaya una mistari miwili tu ya mashindano kabla ya kukatika. Honvéd ilifungwa 3–2 na Athletic mjini Bilbao tarehe 22 Novemba 1956, wakati vifaru vya Kisovyeti vilikwisha kuingia Budapest kuyazima mapinduzi. Marudiano hayakuwezekana nyumbani, yakachezwa uwanja wa Heysel, Brussels, tarehe 20 Desemba. Kipa Lajos Faragó aliumia, wakati huo kubadilisha mchezaji hakukuruhusiwa, na Czibor, winga, akavaa glavu. Ikawa sare ya 3–3, na Honvéd ikatolewa kwa jumla ya mabao 6–5. Katika safu ya uwanja nimeandika Heysel, ila safu ya nyumbani au ugenini nimeiacha tupu kwa makusudi.

Ziara ya majira hayo, ikiwemo sare ya 5–5 na mseto wa timu za Madrid na mechi za Brazil chini ya kocha Béla Guttmann, ilifanyika kinyume cha katazo la FIFA, hivyo imepata karatasi yake ya pembeni. Bozsik alirudi nyumbani. Puskás alikwenda Real Madrid mwaka 1958 akiwa na miaka 31. Kocsis na Czibor walikwenda Barcelona, wakafunga wote wawili katika fainali ya Kombe la Mabingwa ya 1961 mjini Bern na bado wakalala 3–2 kwa Benfica ya Guttmann huyohuyo, katika uwanja uleule na kwa matokeo yaleyale ya fainali ya Kombe la Dunia ya 1954 ambayo Hungaria ilipoteza.

Miaka ya baadaye imekwenda haraka. Ubingwa ulirudi 1980 chini ya Lajos Tichy, ukafuatwa na mingine saba hadi 1993, kisha kimya mpaka Mei 2017, Márton Eppel alipoifunga Videoton bao pekee siku ya mwisho na kumpa kocha Marco Rossi taji. Kombe la mwisho ni la 2020, na 2023 timu ilishuka daraja. Sasa naingiza tarehe za nusu fainali za Kombe la Hungaria, nikianzia na lile la 1926.