Jeki ya Botswana ilipoteleza

Jumatano ya tarehe 30 Oktoba 2024 wananchi wa Botswana walipiga kura, na Ijumaa asubuhi, kabla majimbo yote hayajamaliza kuhesabu, Rais Mokgweetsi Masisi aliwaambia waandishi wa habari kwamba amempigia simu mpinzani wake, Duma Boko, na kukubali kuwa kura hazikutosha. Siku hiyo hiyo Boko akaapishwa. Chama cha Masisi, BDP, kilichoshika serikali tangu kabla ya uhuru wa 1966 na kushinda chaguzi 12 mfululizo, kilitoka madarakani kwa simu moja, na nakiri kwamba niliirudia habari hiyo mara mbili nikitafuta mahali palipoandikwa neno "mahakamani".

Wengi waliokwisha kuandika juu ya uchaguzi ule wanausimulia kama hasira ya wananchi, na hawakosei. Almasi, ambayo ndiyo nguzo ya uchumi wa nchi ile, ilikuwa imedorora sokoni, na zaidi ya robo ya watu wenye uwezo wa kufanya kazi hawakuwa na ajira. Juu ya hayo kulikuwa na ugomvi wa Masisi na Ian Khama, mtangulizi wake aliyemwachia kiti mwaka 2018, ambaye aliihama BDP, chama kilichoasisiwa na baba yake, akaishi Afrika Kusini kwa miaka kadhaa, kisha akarejea wiki chache kabla ya kura na kukipigia kampeni chama kingine. Hata hivyo hasira peke yake haielezi idadi ya viti, na mimi hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Nchini Botswana hakuna karatasi ya kura ya urais. Mpiga kura humchagua mbunge wa jimbo lake, na kila mgombea ubunge huwa ametamka tangu siku ya uteuzi ni nani anayemuunga mkono kuwa rais. Mgombea urais ambaye watu wake wamepita nusu ya viti vya kuchaguliwa hutangazwa na Jaji Mkuu. Mwaka 2024 viti hivyo vilikuwa 61, kwa hiyo 31 vilitosha. Jimboni kwenyewe mwenye kura nyingi kuliko wenzake huchukua kiti, hata kama waliomkataa ni wengi kuliko waliomkubali.

Utaratibu huo uliilea BDP kwa miaka mingi. Mwaka 2014 chama hicho kilipata asilimia 46 hivi ya kura na bado kikachukua viti 37 kati ya 57, kwa sababu waliokikataa waligawanyika baina ya UDC, muungano wa vyama unaoongozwa na Boko, na chama cha BCP, ambacho kwa asilimia 20 za kura zake kiliambulia viti 3 tu. Wapinzani walilalamika kwamba hesabu hiyo haiwatendei haki, lakini anayenufaika na mizani haoni sababu ya kuibadilisha.

Mwaka 2024 mizani ikawa ile ile, ila aliyekaa upande mwepesi akawa mwingine. UDC ilipata takriban asilimia 37 ya kura na viti 36. BDP ilikuwa ya pili kwa kura, takriban asilimia 30, na ikabaki na viti 4. Ndiyo, vinne. BCP, iliyokuwa ya tatu kwa kura, ilipata 15, na chama cha BPF alichokipigia debe Khama kilipata 5 kwa asilimia 8 tu, kwa kuwa wafuasi wake wamejikusanya katika mji wa Serowe na maeneo ya jirani, wakati kura za BDP zilitawanyika nchi nzima na kuipa nafasi ya pili katika jimbo baada ya jimbo. Katika mfumo huu nafasi ya pili hailipwi kitu.

(BDP wenyewe nembo yao ni jeki, ile ya kuinulia gari, na mitaani huitwa Domkrag, neno la Kiafrikana la chombo hicho hicho. Jeki hubeba gari zito bila taabu ilimradi imekaa sawasawa. Ikiteleza kidogo tu, haliteremki polepole.)

Kwa sababu hiyo sishiriki shangwe ya wanaosema kwamba taifa zima liliinuka likamkumbatia Boko. Watu 6 kati ya kila 10 waliopiga kura walichagua chama kisichokuwa chake. Ushindi wake ni halali kabisa kwa kanuni alizozikuta, na ni yeye yule aliyekwenda mahakamani kupinga matokeo ya 2019 bila mafanikio, lakini wingi wa viti 36 umesimama juu ya mgawanyiko ule ule uliowabeba waliomtangulia. Sasa kura za wasiomtaka ndizo zilizotawanyika.

BDP, kwa upande wao, hawakupata hata faraja ndogo ya kuongoza upinzani. Kambi rasmi ya upinzani bungeni ilikwenda kwa BCP, chama ambacho miaka 10 nyuma kilikuwa na wabunge 3.