Sikukuona, mdogo wangu

Jumapili, saa nne usiku. Hili jambo limenikaa kifuani tangu Jumanne, ngoja niliandike nilale.

Mimi ni mtu wa pikipiki. Kazini naenda na Boxer, sokoni Boxer, msibani Boxer, mpaka shemeji zangu huniuliza kwa utani kama kitandani nako naingia nayo. Jumanne ilikuwa kwa fundi, inabadilishwa klachi, na mke wangu yuko Tanga kwa mama yake, kwa hiyo nikachukua kagari kake. Saa moja kasoro natoka mtaani kwetu Goba. Njia yetu ya vumbi inapanda kidogo kabla ya kuikuta lami. Nikasimama. Nikatazama kulia, kushoto, kulia tena, kama tulivyofundishwa. Kulia ni upande wa Tangi Bovu, ndiko jua linakotokea, na saa hizo linakupiga usawa wa macho. Nikaona daladala kwa mbali, inashusha abiria. Kwangu njia ilikuwa nyeupe. Nikaachia breki.

Gari lilikuwa limetoka nusu yake niliposikia tairi linalia. Bodaboda ilisimama mkono mmoja kutoka mlango wangu, imekaa upande, dereva kakita mguu chini. Nyuma kapakia mama mtu mzima na ndoo ya vitumbua mapajani, ameikumbatia kwa mikono miwili. Kijana akafungua kioo cha helmeti, akaniangalia. Hakunitukana. Ningeona afadhali angenitukana.

Nikashusha kioo, na maneno yakatoka yenyewe: "Sikukuona, mdogo wangu."

Akasema, "Taa hii hapa inawaka. Reflekta hii hapa. Unataka nivae nini tena, bosi?"

Sikuwa na jibu. Yule mama akamgusa bega kwa kidole: "Twende, mwanangu, chai za watu zitapoa." Wakaondoka. Nikabaki nimeziba nusu ya barabara, mikono inanitetemeka kwenye usukani.

Sasa, neno hilo "sikukuona" mimi nina historia nalo. Mwaka 2019, nikitokea Mwenge, gari lililokuwa linakuja mbele yangu lilikata kulia kuingia kituo cha mafuta, likanipitia mbele ya pua. Niliruka juu ya boneti, nikaangukia bega. Mtulinga ukavunjika, wiki sita mkono kwenye kitambaa. Baba wa watu alishuka mbio, rangi imemtoka, akaniinamia pale chini: "Sikukuona, kaka angu, wallahi sikukuona." Na mimi nilimtazama nikisema moyoni, mwongo mkubwa we. Ulinitazama. Niliuona uso wako umeelekea kwangu.

Miaka yote hiyo nimekuwa nikihadithia kijiweni kwamba madereva wa magari ni waongo, kwamba pikipiki wanaiona ila wanaidharau. Na wapo, siwasafishi. Wapo wanaokuchomekea huku wanakutazama, kwa hesabu kwamba wewe ndiye mwenye mifupa nje kwa hiyo utakwepa. Wapo wanaosoma meseji kwenye mataa ya kijani. Lakini Jumanne mimi sikuwa na simu mkononi, sikuwa na haraka, sikumdharau mtu. Nilitazama mara mbili upande aliokuwepo. Na hakuwepo.

Ndiyo maana jana sikwenda kokote. Nilimwita mpwa wangu, nikamwambia apande pikipiki ya kuazima aisukume kwa miguu kwenye kiwanja cha jirani ambaye anasubiri kujenga tangu nikiwa sina watoto. Mimi nikakaa ndani ya gari, mkanda nimefunga, kichwa mahali pake. Nilitaka kuhakikisha ule mhimili wa chuma ulio kati ya kioo cha mbele na mlango, ule unaoshikilia paa. Kila gari linao, na kwetu tunaokaa kulia, wa kulia ndio ulio karibu na uso. Akiwa hatua 10, ukimweka nyuma ya mhimili, unaona kiwiko na kioo cha pembeni vimechomoza huku na huku. Nikamwambia rudi nyuma. Hatua 15, kiwiko kimebaki kimoja. Hatua 25, mpwa wangu hayupo. Pikipiki haipo. Ninaona nyasi kushoto kwa mhimili, na nyasi kulia kwake, na ubongo wangu umeunganisha nyasi na nyasi kana kwamba katikati hapakupungua kitu. Nikapeleka kichwa mbele shibiri moja tu, huyo hapo, ananicheka, ananiuliza, "Mjomba, unanipiga picha?"

Gari haliwezi kujificha hapo kirahisi; litatokeza bampa, litatokeza mkia. Pikipiki ukiitazama kwa mbele ni upana wa mabega ya mtu. Inaenea pale yote, na abiria wake, na ndoo.

Mtu atasema, lakini pikipiki inatembea, na wewe unatembea, lazima atatokeza. Hapo ndipo nilipomkumbuka babu, mzaa mama, aliyevua samaki Kunduchi mpaka miguu ilipomkataa. Alikuwa akituambia kuhusu vyombo usiku: taa ya chombo kingine ikihama, mara iko mbele ya mlingoti, mara imepita nyuma, usijali, hamtakutana. Ile isiyohama, inayoganda pale pale na inakua tu, hiyo ndiyo inakujia. Barabarani ni vilevile. Mkielekea sehemu moja kwa mwendo unaolingana, yeye anabaki pembe ile ile ya jicho lako. Kama pembe hiyo ina mhimili, mhimili unasafiri naye mpaka mnagongana.

Na hata bila mhimili, macho yenyewe ni matapeli. Sehemu ya jicho inayoona vizuri kabisa haizidi sana upana wa ukucha wa dole gumba ukinyoosha mkono. Kwingine kote ni makisio. Ndiyo maana jicho linaruka-ruka, na kila linaporuka ubongo unazima picha ili usipate kizunguzungu. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto. Hutayaona macho yako yakisogea hata mara moja, ila aliye kando yako atayaona. Binti yangu kalifanya hili tangu jana mpaka nimemwambia aache, atapata makengeza. Sasa chukua dereva kwenye makutano anayetupa jicho kulia-kushoto upesi upesi: kati ya ruko moja na jingine kuna kipande kizima cha barabara ambacho hakukiona, na hajui kwamba hakukiona.

Halafu kuna jambo la umbo. Kitu chembamba kinachokujia hakionekani kukua, kinabaki kidogo kidogo, kisha ghafla kimejaa. Ndiyo maana dereva anayeiona pikipiki naye anakosea: anadhani iko mbali, au inakuja taratibu, anakata. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unakula karibu mita 14 kila sekunde. Kukosea sekunde moja kunatosha.

Haya si mambo ya Goba peke yake. Huko Los Angeles, Harry Hurt na wenzake wa chuo kikuu cha Southern California walichunguza ajali za pikipiki zipatazo 900, moja moja, wakatoa ripoti mwaka 1981. Katika zile za pikipiki kugongana na chombo kingine, theluthi mbili zilisababishwa na dereva wa chombo hicho kuingilia haki ya njia ya pikipiki. Na maelezo yao yalikuwa yale yale ya baba wa watu pale Mwenge: sikumwona, au nilimwona nikiwa nimeshachelewa.

Kijana aliniuliza avae nini tena. Swali lake limenisumbua kuliko yote. Auckland, New Zealand, watafiti walichapisha mwaka 2004 kwamba waendesha pikipiki waliovaa nguo za kung'aa walikuwa na hatari ya kuumia pungufu kwa asilimia 37, na wenye helmeti nyeupe pungufu kwa asilimia 24 wakilinganishwa na wenye nyeusi. Kuna wa kubisha hapo, kwamba anayejishughulisha kuvaa reflekta pengine ni mwangalifu tangu kwao. Nami naweza kukubali. Lakini hebu tazama kijiwe chochote hapa mjini uhesabu helmeti nyeupe. Utamaliza ukiwa na vidole vya akiba. Mimi mwenyewe yangu nyeusi, niliichagua kwa sababu haionyeshi uchafu.

Reflekta nazo tunazionea. Ile rangi ya kijani kibichi ni ya mchana, inameza mwanga usioonekana wa jua na kuutoa ukiwa unaonekana; ikishachakaa na kushika vumbi ni fulana tu. Ile mistari ya fedha ni ya usiku, inarudisha taa ya gari kule kule ilikotoka. Sasa mtu anavaa reflekta, juu yake anavaa koti jeusi kinyumenyume kuzuia upepo, na mgongoni abiria kamkumbatia na begi. Kilichobaki kuonekana ni nini? Na jioni, hapa kwetu giza haliji kwa hatua, linaanguka: saa kumi na mbili na nusu unaona, saa moja huoni, na bado utapishana na bodaboda iliyozima taa eti inatunza balbu. Hao nao siwatetei.

Kijana wangu hakuwa hivyo. Alikuwa na kila kitu. Jua lilikuwa nyuma yake na mhimili mbele yangu, basi. Kilichomwokoa ni kwamba yeye alikuwa ananiona mimi, na nadhani hakuwa ananitazama usoni. Mzee mmoja wa kijiwe chetu, aliyeanza bodaboda wakati wengine tunazicheka, huwa anawaambia vijana: usiangalie macho ya dereva, yatakudanganya, angalia tairi lake la mbele. Mtu anaweza kukutazama bila kukuona, lakini tairi likianza kuzunguka, linazunguka. Mwaka 2019 mimi niliangalia uso, nikaona umeelekea kwangu, nikaamini tumeelewana.

Baba wa watu wa Mwenge alinilipia hospitali na akaja nyumbani mara mbili na matunda. Mara ya pili nilimwambia mke wangu aseme nimelala. Namba yake ninayo bado. Nimeitoa leo mchana, nikaitazama, nikarudisha simu mfukoni. Ningemwambia nini?

Boxer itatoka kesho kutwa. Reflekta yangu nimeifua jioni hii, maji yametoka kama ya kudekia gereji, na fulana imegeuka rangi ambayo nilikuwa nimeisahau.

Alhamisi na Ijumaa nilikwenda tena na gari. Pale juu, kwenye lami, nilisimama kabisa, nikapeleka kiwiliwili mbele mpaka kidevu kikakaribia usukani, nikarudi nyuma, nikaenda tena mbele, kama kuku anayetembea. Nyuma yangu wakapiga honi. Mmoja akatoa kichwa dirishani: "Mzee, unaswali au unaendesha?"

Nikapeleka kichwa mbele mara moja zaidi.