Kuvuta kasia Mwananyamala

Jumanne iliyopita niliaibika jimu. Nilikuwa kwenye ile mashine ya kuvuta kwa kukaa, raundi ya mwisho, simu ikaita. Nikajua ni mteja wa gauni la kijani. Nikauachia mshikio kabla haujafika mwisho, vyuma vikashuka pwaa! Watu wote wakageuka. Hata yule kijana anayebeba vitu vizito huku akiguna kama ng'ombe dume, eti naye akanikunjia uso. Nikaomba radhi, nikainama kujifanya nafunga kamba za raba.

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 19 huu. Siku ya kawaida nakaa kitini kwa muda wa saa tisa hivi, na Ramadhani, watu wanapotaka nguo za Iddi, huwa sihesabu. Mabega yalishakuja mbele na shingo ikawa inatangulia mwili. Binti yangu aliniambia, "Mama, ukitembea ni kama unatafuta sindano iliyodondoka." Maumivu yalikaa katikati ya mabapa ya mabega, pale ambapo mkono wako mwenyewe haufiki, kama vile kuna mtu kasahau pini humo. Nilipigwa picha, mifupa haina neno. Daktari akasema misuli ya mgongo imelegea, ya kifua imekaza, nikafanye mazoezi. Nikamuuliza dawa. Akasema tena: mazoezi.

Ndipo nikapanda ngazi za jimu iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mtandio wangu na tisheti ya mikono mirefu. Kocha ni wa umri wa mwanangu wa kwanza. Huanza na "Shikamoo mama", nikishaitikia marahaba tu, anageuka askari.

Mashine yenyewe haitishi. Ni benchi refu la chini, mbele kuna vibao viwili vya kukanyagia, na mshikio wa chuma wenye umbo la V. Mshikio umefungwa kwenye waya, waya unapita kwenye kapi, unaishia kwenye rundo la vyuma bapa vya kilo 5 kila kimoja. Unachomeka pini kwenye tundu la uzito unaoutaka. Mimi ni mtu wa Pangani, baba yangu alikuwa baharia wa jahazi, kwa hiyo nilipoiona kapi ile nilicheka: ni kazi ileile ya kuvuta henza, kamba ya kupandishia foromali, ule mti unaofungiwa tanga, ila huku chuma kinapanda na tanga hakuna.

Kocha anaiita "roingi". Nikamuuliza ndiyo nini, akanionyesha kwa mikono: anachota maji upande wa kulia, kisha wa kushoto. Yeye kwao Dodoma, bahari ameionea Coco Beach. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo unalopiga ni kafi." Kafi unalishika mkononi, unatazama mbele, unachota maji ubavuni mwa mtumbwi. Kasia limeegemea ukingo wa chombo, unaketi ukiipa mgongo safari yako, unakanyaga, unavuta kuja kifuani. Ndiyo maana sisi husema kuvuta makasia. Mashine yake ni kasia. Alinisikiliza vizuri, halafu akasema, "Sawa mama, basi vuta."

Nikavuta, na nikavuta vibaya wiki tano nzima.

Kosa langu lilikuwa la kikazi. Fundi anafanya kila kitu kwa vidole, na mimi nilikuwa nimeubana ule mshikio kama mkasi unaokata jinzi. Nikimaliza, viganja vinawaka, misuli ya mikono inatetemeka, na mgongo ambao ndio ulionipeleka pale umelala usingizi. Nikaona labda uzito ni mdogo. Siku kocha alipokuwa na mtu mwingine nikahamisha pini kutoka kilo 15 hadi 35, nikawa nayumba mbele na nyuma kama abiria wa mashua siku ya kusi. Chuma kilipanda, sikatai, lakini kilipandishwa na kiuno. Siku mbili nilikata vitambaa nimesimama kwa sababu kukaa kulikuwa hakuwezekani.

Aliporudi kunisimamia akaniuliza, "Mama, samahani, hiyo futi shingoni ni ya nini?" Nilikuwa nimetoka dukani nayo, sijajua hata kama nimeivaa. Akaiomba, akaikunja mara nne, akaishikilia nyuma yangu katikati ya mabapa mawili, juu ya nguo. "Usivute mshikio. Bana futi, isianguke. Mikono itafuata yenyewe." Mara ya kwanza ikaanguka, ya pili ikaanguka, ya tatu nikapandisha mabega masikioni akanikemea. Ya nne ikabanwa. Jamani, kuna misuli kule nyuma! Nilisikia kitu kinajikusanya kama rinda unapovuta uzi, kikashuka mpaka ubavuni chini ya kwapa. Nina miaka 44, ilikuwa siku ya kwanza kuusikia mgongo wangu ukifanya kazi na si ukilalamika.

Tangu hapo vidole nimevigeuza ndoano. Kazi yao ni kushika tu. Magoti nayakunja kidogo, kifua nakiinua, kiuno kinakaa palepale. Mabapa ndiyo yanaanza, halafu viwiko vinarudi nyuma vikipita karibu na mbavu kama mkono wa blauzi ya kubana, mshikio unagusa juu kidogo ya kitovu. Pumzi natoa nikivuta. Natulia kidogo. Kisha kurudisha, na hapo ndipo nilipochelewa kuelewa, maana nilidhani ukishavuta umemaliza. Kurudisha kunataka hesabu ya tatu, taratibu, mabega yakiruhusiwa kwenda mbele lakini mgongo usikunjike. Ukiharakisha hapo umefanya nusu ya zoezi. Vyuma vikigusana visikike tik, kama kifungo kimedondoka kwenye sahani. Wewe mteja wa gauni la kijani, unajua ulichonifanyia.

Huu ni mwezi wa sita tangu nianze. Nafanya seti tatu za mara 12, siku mbili kwa wiki, pini iko kwenye 25. Maumivu hayajaisha, siwezi kudanganya. Nikishona mpaka usiku yanarudi kunisalimia. Ila naamka bila kujishika ukuta.

Mzee wangu yuko Pangani, baharini haendi tena. Nilimpigia kumhadithia. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata.

"Kwa hiyo unalipa elfu hamsini kwa mwezi kuvuta kasia nchi kavu?"

"Ndiyo baba."

"Haya. Na samaki?"

Wiki hii siendi jimu. Nina gauni 14 za wasimamizi wa harusi, na mmoja wao kila akija kupima amenenepa au amekonda. Nimekata lastiki ya kiuno, ile pana, nikaipitisha kwenye nondo za dirisha la duka. Kila baada ya gauni moja nakaa kwenye stuli, nakanyaga ukuta, navuta. Si sawa na mashine, lastiki inakuwa ngumu mwishoni na laini mwanzoni, lakini futi ninaibana vilevile. Wapita njia wanasimama. Mwanafunzi wangu ndiye anayehesabu, na kila siku anaruka saba.