"Definitely" si "définitivement"

Ukitafsiri Kiingereza kwenda Kifaransa, mtego wa kwanza ni "definitely" (hakika). Wengi hukimbilia "définitivement", lakini kwa Mfaransa neno hilo ni "moja kwa moja, bila kurudi". "Il est définitivement parti" maana yake kaondoka, harudi tena. Ukitaka uhakika tu, andika "c'est sûr" au "vraiment": "Il viendra, c'est sûr" (atakuja, hakika).

Kinachowaponza hata wazoefu ni "sans doute". Ukilitazama unasoma "bila shaka", kumbe siku hizi maana yake ni "huenda". Kwenye mkataba au ripoti ya daktari, hilo si kosa dogo. Kama shaka haipo kabisa, ongeza "aucun": "sans aucun doute". "Sûrement" (kwa hakika) nalo limelegea vivyo hivyo, siku hizi ni "huenda" tu. Na "sans doute" likianza sentensi, kitenzi hutangulia kiwakilishi: "Sans doute viendra-t-il". Hutaki kugeuza? Weka "que": "Sans doute qu'il viendra", ingawa hiyo ni ya mazungumzo zaidi.

Kukubali ni kwepesi: "absolutely" (kabisa) ya Kiingereza huwa "tout à fait" au "absolument", ukikataa, "absolument pas". Ila ukiulizwa kwa kukanusha, "Tu ne viens pas ?" (Huji?), nawe unakuja, usijibu "oui". Jibu ni "si" ya Kifaransa, yaani "nakuja".