Siku Yangu Busia, Kwenye Chimbuko la Neno Bodaboda

Saa kumi na moja alfajiri. Napangusa umande kwenye kiti, nakagua mafuta na mnyororo, navaa reflekta. Abiria wa kwanza ni mama wa samaki anayewahi soko. "Boda, twende." Kwake boda ni mimi na pikipiki kwa pamoja.

Saa moja, wanafunzi na walimu. Hakuna nafasi ya mazungumzo.

Saa nne steji inapoa, na hapa ndipo napenda kukaa na mzee mmoja aliyefanya kazi hii kwa baiskeli. Kazi yenyewe ilianza miaka ya 1960, hapa kwetu mpakani kati ya Kenya na Uganda. Gari likikushusha upande huu, ulibaki na mwendo wa kutembea hadi kituo cha upande wa pili, na mwenye gunia angefanyaje? Vijana walifunga kiti cha sponji nyuma ya baiskeli, wakawa wanaita wasafiri: "Boda! Boda!" Kutoka boda hadi boda. Waingereza walituachia neno lao la mpaka, "border", vijana wa baiskeli wakalirudia mara mbili, likawa letu.

Saa sita mchana, mama mwenye mizigo ananiambia, "Nipeleke boda." Kijana aliyetoka Nairobi anamtazama kwa mshangao, maana kwao boda ni pikipiki, na wengi husema nduthi. Huku kwetu boda bado ni mpaka pia. Nampeleka hadi kituo cha pamoja kilichozinduliwa 2018, ambako maofisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja.

Saa tisa sina abiria, nina bahasha na kuku wawili wa kupeleka kwa watu. "Tuma na boda," wanasema, na neno limeshakuwa huduma ya kutumwa.

Mwaka 2008 Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, zikajaa kila mji, na baiskeli zikasukumwa pembeni. Chombo kilibadilika, jina likabaki. Leo Mwanza na Dar es Salaam mtu anapanda bodaboda bila kuukaribia mpaka wowote. Hilo hunifurahisha sana.

Saa kumi na mbili jioni redio ya kibandani inataja wizi: "bodaboda wawili wamekamatwa." Inaniuma. Wakikosa wawili, tunatajwa wote kwa jina la kazi, jina lililoanzishwa na watu waliokanyaga pedali juani wakibeba magunia ya wenzao.

Saa tatu usiku nampelekea mwenye pikipiki hesabu yake. Kesho steji ikipoa nitamrekodi yule mzee kwa simu, anitajie wenzake wa baiskeli mmoja mmoja, wa Busia hii na wa ng'ambo, kwa majina na vijiji vyao.